Laptopu inafika nyuzi 97 nikirenda video za harusi: nibadili pesti, ninunue stendi ya feni au nini?

BintiKiboriloni (Moshi):

Wakuu habari za mchana. Naomba msaada, na ukiwa wa haraka nitashukuru zaidi, maana nina bwana harusi ananipigia kila asubuhi kabla sijapiga mswaki.

Kazi yangu ni video za shughuli: harusi, sendofu, kipaimara, ubatizo, siku hizi hadi misiba. Mnaoijua Moshi mnajua Desemba inavyokuwa. Wachagga wote wanapanda nyumbani, kila kijiji kina sherehe, halafu Januari inakukuta na diski zimejaa kazi za watu na joto lisilo na huruma. Ofisi yangu ni fremu Majengo. Bati juu, dari hakuna, jua la saa nane lote letu. Kushoto nimepakana na saluni, kulia duka la chakula cha kuku, mbele barabara ya vumbi.

Laptopu yenyewe ni ya gemu, niliinunua ikiwa imeshatumika. Prosesa i7-9750H, rami 16, kadi ya michoro ya GTX 1650. Nashuti 4K, naediti kwa programu ya Premiere. Mwaka jana ilikuwa haina neno. Siku hizi nikibonyeza kurenda tu, yaani kuitoa video iliyokamilika, feni inapiga kelele mpaka mteja aliyekaa kwenye benchi anageuka. Dakika chache baadaye ule mstari wa kurenda unatambaa, panya anaganda, na kibodi upande wa juu huwezi kuacha kidole. Imeshawahi kujizima yenyewe kazi ikiwa karibu kuisha, na faili likawa bovu.

Mpwa wangu kaniwekea programu ya HWiNFO, ndiyo nimeona inasoma nyuzi 97. Sasa ushauri umekuwa mwingi. Fundi mmoja wa karibu na stendi anasema pesti, ile inayopakwa kati ya prosesa na shaba ili kupitisha joto, imekauka, elfu 40, niiache kwa wiki. Muuza duka anasema ninunue stendi yenye feni sita, elfu 35, inawaka na taa za bluu. Mpwa anasema tupige Windows upya. Hela ninayo ya jambo moja tu kwa sasa, na kuiacha wiki nzima siwezi, bwana harusi atanimaliza.

Nianzie wapi? Na hiyo 97 ni ya kuniua mashine au inavumilika?


KahawaChungu (Moshi):

Dada mbona rahisi. Jaza maji chupa mbili za lita moja, zigandishe, zifunge kitambaa, laptopu iweke juu. Mimi ndivyo nacheza mpira wa kompyuta mwezi wa pili wote huku Pasua. Zikiyeyuka unabadilisha.


FundiNgarenaro (Arusha):

KahawaChungu, hiyo chupa inywe. Chuma kikipoa kuliko hewa ya chumbani, unyevu wa hewa unageuka matone juu yake, na matone hayachagui pa kuingia. Laptopu za namna hiyo zinaletwa kwangu bodi ina kutu ya kijani pembezoni mwa betri, na mwenye nayo anaapa haijawahi kumwagikiwa maji. Hasemi uongo. Maji yalijileta yenyewe.

Dada, pole na bwana harusi. Mimi nipo Ngarenaro, nafungua mashine tangu enzi za Pentium 4, na nikwambie mapema: usilipe hata shilingi mpaka ujue joto linakwama wapi. Pesti, stendi na Windows mpya ni dawa za magonjwa matatu tofauti, na hao watu watatu hakuna aliyekupima.

Naanza na swali lako la mwisho. Prosesa hiyo Intel wameiwekea kikomo cha nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ina uwezo wa kupanda mpaka gigahezi 4.5 kwa muda mfupi, kasi yake ya msingi ni 2.6, na ikibanwa na joto inaweza kushuka hata chini ya hiyo. Huko kutambaa kwa mstari wa kurenda ndiko huko. Kwa hiyo 97 haikuui leo. Kinachonitia wasiwasi ni kujizima. Mashine inayojizima imeshajipunguza ikaona haitoshi, maana yake joto halitoki kabisa.

Kabla ya lolote angalia betri. Iweke mezani, meza iwe tambarare. Inayumba? Ile sehemu ya kutelezesha kidole imeinuka, au kifuniko hakikai sawa? Kama ndiyo, zima, chomoa chaja na usiiwashe tena mpaka betri itolewe. Joto la muda mrefu huzeesha betri za lithiamu na nyingine huvimba. Usiitoboe kuitoa upepo, kuna watu wanafanya hivyo, na inawaka moto.

Kama betri ni nzima, tuendelee. Joto lina safari yake, na safari hiyo ina vituo. Linazaliwa kwenye prosesa, linavuka pesti, linaingia kwenye sahani ya shaba, linapita ndani ya mabomba bapa ya shaba ambayo ndani yana kimiminika kidogo kinachogeuka mvuke upande wa moto na kurudi majimaji upande wa baridi, linafika kwenye mapezi membamba pembeni, feni inayapuliza, linatoka nje. Kila kituo kikiharibika kina dalili zake, na dalili hizo unaweza kuziona bila kufungua hata skrubu moja.

Fanya hivi. Laptopu ipoe kabisa, halafu iwashe, fungua HWiNFO, acha izoee dakika kumi bila kazi. Andika inasoma ngapi. Kisha anza kurenda na usiondoe jicho kwenye namba. Ikiruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde moja au mbili, na ukisimamisha kurenda inashuka papo hapo, basi joto halivuki pale mwanzoni: pesti imekufa au ile sahani ya shaba haijakaza. Ikipanda taratibu, dakika tatu nne mpaka ifike juu, na kushuka nako inachelewa, basi linavuka vizuri ila halitoki nje: mapezi yameziba au feni imechoka.

Halafu weka kiganja kwenye matundu ya kutolea upepo. Upepo mwingi lakini wa vuguvugu huku namba inasoma 97, ni pesti. Upepo mdogo halafu wa moto wa kuunguza, ni uchafu. Mashine nyingi za aina hiyo zina feni mbili, basi pima matundu ya pande zote mbili, usiishie upande mmoja.

Tatu, kwenye HWiNFO hiyohiyo prosesa yako ina viini sita na kila kimoja kina joto lake. Vikipishana nyuzi tatu nne si neno. Vikipishana kumi na tano, sahani imekaa upande.

Mwisho, jaribu dawa ya bure. Nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ile ya ndani kabisa, tafuta "Processor power management", fungua "Maximum processor state", pale penye 100 andika 99. Asilimia moja tu, lakini kwa Intel za namna hiyo inazima ule mbio wa 4.5 na prosesa inabaki kwenye 2.6. Usidhani utapoteza nusu ya kasi ukapunguza nusu ya joto. Umeme unaoliwa unafuata kasi, na unafuata voltiji mara voltiji, na kasi kubwa inadai voltiji kubwa. Kwa hiyo zile gigahezi za juu ndizo zinazopika kuliko zote. Ukizikata unachelewa kidogo, joto linashuka sana. Na mashine inayokwenda 2.6 bila kusita inaweza kumaliza kabla ya ile inayokwenda 4, inashikwa, inashuka, inapanda tena.

Leta majibu hapa. Windows usiipige upya, hata ukiipiga vumbi litabaki palepale.


MpandaMilima (Arusha):

Fundi naomba nichomekee, samahani dada kwa kuingilia uzi wako. Mimi ni mwongoza watalii, natembea na laptopu kuwahamishia wageni picha. Niliwahi kusikia kwamba Arusha laptopu zinachemka zaidi kuliko Dar kwa sababu tuko juu na hewa ni nyepesi, feni inapuliza hewa isiyo na kitu. Kweli au hadithi za kijiweni?


FundiNgarenaro (Arusha):

Kuna ukweli ndani yake, ila umeshikwa upande mmoja. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yetu imepungua uzito kwa kitu kama asilimia 13 ukilinganisha na ya Dar. Feni inazungusha mizunguko ileile, inabeba hewa pungufu, joto linaloondoka ni pungufu. Lakini hewa hiyo ni ya baridi. Na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani, karibu nyuzi moja inaongezeka kwenye prosesa. Asubuhi ya Julai hapa kwetu unavaa sweta na laptopu inafurahi. Dada yuko Moshi, mita mia nane na kitu, hewa nzito kidogo kuliko yetu, ila chumba chake chini ya bati saa nane mchana sidhani kiko chini ya 35. Na nyuzi 35 ndiyo kikomo ambacho watengenezaji wengi wanaandika kwenye vijitabu vyao kwa hewa ya mahali mashine inapofanyia kazi. Yeye ana hali ngumu kuliko wewe.

Wewe wa milimani kikomo chako ni kingine. Wengi wanaandika mwinuko wa kufanyia kazi usizidi kama mita 3,000. Mandara, mita 2,720, bado uko ndani. Horombo, 3,720, umeshapita. Kama laptopu yako ina diski ya zamani ile ya kuzunguka, kichwa chake cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa msaada wa hewa, na hewa ikipungua kinashuka. Huko weka SSD, ile diski isiyozunguka, au subiri ushuke ndiyo uhamishe picha.


BintiKiboriloni (Moshi):

Fundi shikamoo, maana kwa maelezo haya wewe ni baba. Nimefanya kama ulivyosema, jana jioni baada ya saluni kufungwa ili kuwe na utulivu.

Betri haijavimba, laptopu imekaa mezani haiyumbi. Bila kazi inasoma 61. Nikianza kurenda haikuruka, ilipanda taratibu, baada ya dakika kama nne ndiyo ikafika 97 na kasi ikaanza kucheza kati ya 2.1 na 2.9. Nilipoisimamisha ilichukua muda mrefu kushuka. Viini vinapishana nyuzi nne tano tu. Nikaweka ile 99: ikabaki 2.6 bila kuyumba na joto likaishia 86, halafu cha ajabu harusi niliyokuwa nairenda imeisha mapema kuliko ya juzi yenye urefu uleule.

Sasa kiganja. Kulia upepo upo, wa moto hasa. Kushoto hakuna kitu. Kimya. Kelele zote nilizokuwa nasikia kumbe ni za kulia peke yake. Na kwenye HWiNFO kuna mistari miwili ya feni, mmoja unasoma elfu nne mia kadhaa, mwingine sifuri.

Kwa hiyo feni moja imekufa? Inauzwaje hiyo, na inapatikana Moshi au niagize Kariakoo?


FundiNgarenaro (Arusha):

Marahaba mwanangu. Usiagize kitu bado. Feni inayosoma sifuri inaweza kuwa imeungua, inaweza kuwa waya wake umechomoka, na inaweza kuwa imekabwa tu. Umesema kushoto kwako ni saluni. Ninaletewa mashine za wenye saluni na majirani zao, na ndani ya feni nakuta rasta. Uzi mmoja mrefu unavutwa na upepo, unajizungushia kwenye mhimili, unaita wenzake, mwisho feni inasimama. Pumba za kuku nazo zinakuja kuganda juu yake. Pima vituo vyote lakini dau langu liko hapo.

Hii unaweza kuifungua mwenyewe ikiwa mkono wako hautetemeki, la sivyo mpelekee fundi na ukae naye pale akifungua. Ni kazi ya saa moja. Wiki nzima anataka ya nini?

Zima kabisa, siyo kuilaza. Chomoa chaja. Igeuze, fungua skrubu za chini, na ziweke kwenye karatasi uliyochora umbo la laptopu, kila skrubu mahali pake, kwa sababu urefu unatofautiana na ndefu ukiirudisha kwenye tundu la fupi utatoboa palipo juu. Kifuniko kitoe kwa kadi ya simu ya zamani au kipande cha plastiki, usitumie bisibisi. Kitu cha kwanza ukishafungua: chomoa plagi ya betri kwenye bodi. Kabla ya hapo usiguse kingine.

Feni ishike kwa kijiti cha meno isizunguke, halafu puliza. Watu wanapenda kuiona inazunguka kwa upepo, ila ukiisukuma kasi kuliko iliyotengenezewa unaharibu mhimili, na yenyewe ikizunguka inazalisha umeme kurudisha kwenye bodi. Rasta zitoe kwa kibano, uzi mmoja mmoja, usivute kwa nguvu. Kisha kuna sehemu wengi wanairuka: kati ya feni na mapezi ya shaba. Pale vumbi linajisokota linakuwa kama blanketi. Ukipuliza kutoka kwenye feni unalikandamiza zaidi kwenye mapezi. Puliza kutoka nje kuja ndani, au legeza kifuniko cha feni ulitoe kwa mkono, mara nyingi linatoka zima, kipande kimoja.

Upepo wa kupulizia uwe wa bloa ndogo ya umeme. Usiende kituo cha mafuta kupuliza na upepo wa matairi. Ule una nguvu kupita kiasi na unakuja na maji ya ndani ya tangi lake.

Ukimaliza, rudisha betri, iwashe kifuniko kikiwa wazi, uone kama feni ya kushoto inazunguka. Ikizunguka, umepona na hela yako iko mfukoni. Isipozunguka hata bila uchafu, hapo ndiyo ununue feni, na uisome namba iliyoandikwa mgongoni mwake kabla ya kwenda dukani, kwa sababu feni ya kulia na ya kushoto si moja.

Pesti, kwa namba zako, iache. Viini havipishani na joto linapanda taratibu, pesti inafanya kazi. Siku ukiamua kuibadilisha, au fundi akishaitoa ile sahani ya shaba kwa sababu yoyote, basi lazima iwekwe mpya, huwezi kurudisha ya zamani. Na hapo uwe mkali. Prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma juu kama ya kompyuta ya mezani, ni kioo kitupu cha silikoni, kwa hiyo pesti inatakiwa ifunike kile kioo chote, pembe zote. Nimefungua mashine zilizopakwa pesti nyingi mpaka imemwagika kwenye bodi, na zilizopakwa katikati tu. Zote mbili zilikuwa zinachemka. Pembeni ya kadi ya michoro kuna vipande laini kama mpira juu ya chipu za kumbukumbu. Hivyo havibadilishwi kwa pesti, vina unene wake maalumu. Fundi akikwambia "nimetoa vile vimpira nimeweka pesti kote", mashine hiyo haitafika mbali.

Aina ya pesti: mimi natumia MX-4 kwa mashine za kawaida. Kwa za gemu pesti laini husukumwa nje taratibu, kwa sababu shaba na kioo vinatanuka na kusinyaa kila siku. Kwa hizo napenda karatasi ya Honeywell iitwayo PTM7950. Ikiwa baridi ni ngumu, ikifika kama nyuzi 45 inalainika na kujaza mianya. Ila sokoni bandia zipo, bei ikiwa ya ajabu achana nayo.

Stendi ya taa za bluu haitaifufua feni iliyosimama. Vizibo viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma vinakupa sehemu kubwa ya faida yake, kwa sababu shida yenyewe ni hewa kukosa pa kuingilia chini. Na kama una kitambaa cha kufuma juu ya hiyo meza, kitoe. Najua ni cha mama. Kitoe tu.


MwalimuWaUsa (Usa River):

Naongeza moja kwa watakaosoma baadaye. Yangu ilikuwa inakuwa nzito kwenye kazi kubwa, watu wote wakasema joto. Nikaweka programu ya kupima, joto 58 lakini kasi 0.79 gigahezi, haipandi hata ufanyeje. Nikachomoa chaja, ikarudi kawaida. Nikachomeka, ikafa tena. Chaja niliyonunua ilikuwa ya wati 65, laptopu inataka 130. Mashine haikuitambua, ikajibana. Kwa hiyo mkiona nzito, tazameni namba zote mbili kwa pamoja, joto na kasi.


FundiNgarenaro (Arusha):

Mwalimu umesema. Ningekuwa na uwezo ningeibandika hiyo ukutani kwangu. Kasi ndogo na joto dogo, angalia chaja kwanza.


BintiKiboriloni (Moshi):

Fundi, ilikuwa rasta. Nyekundu. Nilimuita dada wa saluni aje aone, akacheka mpaka akakaa chini, akasema ni za mteja wa Krismasi.

Feni imezunguka. Lile blanketi la vumbi nalo lilitoka zima kama ulivyosema, limechanganyika na pumba. Nimerudisha na vizibo vya soda nimeweka. Bila kazi inasoma 47. Ikirenda bila ile 99 inafika 88, nikiiweka 99 inaishia 70 au 71, na chumba ni hikihiki cha bati. Nimeamua iwe kwenye 99 nikirenda, nikiediti naiachia.

Nina mawili ya mwisho. Moja, nikiwa kwenye kuediti kwenyewe, kabla ya kurenda, video za 4K bado zinaipandisha. Pili, nimewaza nifunge soksi ya nailoni ya kike chini kwenye matundu ya kuingizia hewa ili rasta zisipite. Wazo zuri?


FundiNgarenaro (Arusha):

La kwanza: tumia prokisi. Premiere inakutengenezea nakala ndogo za video zako, unaediti zile, wakati wa kurenda yenyewe inarudi kwenye 4K. Itengeneze usiku ukiwa umelala. Na kwenye kutoa video hakikisha imeandikwa "Hardware Encoding", siyo "Software". Hiyo ya kwanza inampa kazi ya kubana video yule kijana maalumu aliyeko ndani ya kadi yako au ndani ya prosesa, ambaye anaifanya kwa umeme mdogo sana. Ya pili inaibebesha prosesa yote. Kuna watakaosema ya pili inatoa picha safi zaidi kwa faili lenye ukubwa uleule. Ni kweli, ila mteja wa harusi anaitazama kwenye simu. Ongeza kidogo ukubwa wa faili na hataona tofauti.

Kazi ndefu zipeleke alfajiri kama unaweza. Moshi saa kumi na moja asubuhi na Moshi saa nane mchana ni nyuzi kumi na zaidi, na hizo zote unazikuta kwenye prosesa. Ukiogopa wezi usiifungie kabatini ikiwa inafanya kazi, ipeleke nyumbani.

Kuna watu watakwambia upunguze voltiji kwa programu ya ThrottleStop. Kwa prosesa yako ilikuwa dawa nzuri, lakini mwisho wa 2019 uligunduliwa udhaifu wa kiusalama ulioitwa Plundervolt, na watengenezaji wengi wakaifunga njia hiyo kwenye apdeti za BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine. Ukiona kitufe hakibonyezeki, ni hiyo sababu. Usiirudishe BIOS ya zamani kwa ajili ya nyuzi tano.

Soksi, hapana. Inashika rasta kweli, lakini inashika na pumba, na baada ya siku chache inakuwa imeziba bila wewe kujua, feni inanyonya utupu. Ukisisitiza, weka wavu wenye matundu makubwa wa kuzuia mbu dirishani, siyo kwenye laptopu, na meza ihamishie ukuta wa upande wa duka la kuku. Pumba zinatoka kwa kupuliza, rasta inataka kibano. Fungua tena kabla ya Pasaka, sherehe zikiwa bado chache kwa Kwaresima.


BintiKiboriloni (Moshi):

Meza imeshahama. Bwana harusi amechukua kazi yake leo saa sita, sasa anataka aongezewe kipande cha ndafu.